Ile Jumatatu Yako ya Kuanza Mazoezi

Makorora, Tanga
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako mume wangu, Baba Tumu,

Assalaam alaikum. Ni mie mkeo. Nimekaa kwenye kiti chako cha cherehani, maana meza ya cherehani ndiyo meza pekee humu ndani isiyoyumba. Zamani, kabla ya simu, ulipokuwa ukienda Pangani kumwangalia mama nilikuwa nakuandikia kwamba sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo siwezi kuandika hivyo. Wewe hofu umeshaitua. Imebaki huku yote, na fungu kubwa nimeachiwa mie.

Nianze na salamu za watu. Mama yako anakusalimu toka Pangani. Hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda kivuko, na kila nikimpigia ananiuliza kwanza kama nimekula. Dada yako Bahati wa Ngamiani anakusalimu, na huyo ana habari yake ndefu humu, subiri. Mama Saumu wa nyumba ya pili anakusalimu, bado anafagia mpaka mbele ya nyumba za wenzie ili aone nani katoka na nani karudi. Mpangaji wetu wa chumba cha uani, Mama Eliza, yule Msambaa wa mboga, anakusalimu na anasema kanisani kwao walikutaja kwenye maombi. Bi Kidawa anakusalimu, yule anayewahi kulia msibani kuliko wafiwa wenyewe. Wewe alikulilia vizuri sana, hata mie nilinyamaza kidogo nikamsikiliza. Paka wako mwenye sikio lililokatika hajambo, analala juu ya mabaki ya vitambaa vyako na hafukuziki. Na mwanao Mwantumu, Tumu wako, anakusalimu ingawa hajui kama nakuandikia. Karudi kusoma na wenzake wa chuo, kajitupa kitandani na viatu.

Ustadhi akijua ataniuliza barua ya marehemu inapitia posta gani. Mie nasema Mungu aliyekuchukua anajua njia ya kukusomea. Na usicheke mwandiko, darasa la nne langu unalijua.

Sababu ya barua hii ni Tumu.

Kazini kwao, ile ofisi ya kutoa mizigo karibu na bandari, walikuja watu wa afya siku moja kuwapima wafanyakazi. Alirudi jioni akaniambia kama mtu anayesimulia mvua, "Mama, presha yangu imepanda kidogo." Nilikuwa nakuna nazi. Nikasikia mbuzi imekwama, mkono haupandi haushuki. Msichana hata miaka thelathini hajafika, Baba Tumu. Nikamuuliza, kidogo kama nini? Akasema, "Kidogo tu, wala hawajanipa dawa. Wamesema nipunguze chumvi na nifanye mazoezi, nusu saa hivi, siku nyingi za wiki, halafu nirudi kupimwa." Akaingia kuoga.

Kidogo tu. Na wewe walikuambia hivyo hivyo kidogo tu.

Unakumbuka yule daktari mwembamba? Alikuambia utembee, ukamwambia, "Dokta, mguu wangu huu unakanyaga cherehani kutwa nzima, mazoezi gani tena unayotaka?" Akacheka, na mie nikacheka, wote tukatoka tumefurahi. Nyumbani nikikuuliza unasema Jumatatu. Nitaanza Jumatatu. Ikifika Jumatatu una sare za shule za kumaliza, basi unasogeza ya mbele. Jumatatu moja tu ndiyo uliyoishika. Tukatoka wote, umevaa ile kanzu ya kijivu na raba za Tumu za shule umezikanyaga visigino. Mpaka mwisho wa mtaa ulisimama kila baraza. Huyu umsalimu, yule umuulize mgonjwa wake, kwa muuza kahawa ukakaa kabisa ukanywa na kashata. Tumerudi jua lishapanda, ukaniambia, "Haya, leo tumefanya mazoezi ya salamu." Nilicheka siku nzima. Hata sasa nikipita kwa yule wa kahawa nacheka, halafu machozi yananitoka, halafu nacheka tena, watu wananiona kama nimeingiliwa.

Sasa huyo mwanao. Ratiba yake ungeiona ungemhurumia. Asubuhi anatoka jua likichomoza tu, kutwa kakaa mbele ya kompyuta, jioni anatoka ofisini anapanda bodaboda mbio mbio awahi chuo, anasomea mambo ya ununuzi na ugavi. Akirudi isha imeshapita, anakula huku kafungua madaftari. Jumamosi nyingine mchana kipindi tena. Nikimwambia mazoezi ananijibu, "Mama, hiyo nusu saa niitoe wapi? Niikate kwenye usingizi?" Mtu akikuambia hivyo utamjibu nini? Usingizi wenyewe hautoshi. Namwambia basi angalau uruke kamba hapo uani. Anasema nikimaliza mtihani, mama. Mtihani ukiisha nitaanza.

Niliposikia hilo nililisikia kwa sauti yako. Ni Jumatatu ile ile, imevaa gauni.

Nikaanza kumsumbua. Najua ungeniambia, "Mama Tumu, muache mtoto apumue." Sikumuacha. Kwanza tukajaribu ya kwenye simu. Kuna mwanamke wa Kizungu humo anaruka huku anacheka, hachoki. Tumu akaweka simu juu ya kabati akaanza kuruka chumbani, na mie nikasimama nyuma yake kumtia moyo, nikajikuta naruka na kanga yangu kifuani. Kitanda kikatoka mahali pake. Mama Eliza kagonga ukuta, "Jamani, humo mnapigana?" Nikamwambia ni mazoezi. Akasema, "Sisi kwetu Lushoto hatuna mazoezi, tuna mlima." Akarudi kulala. Siku ya pili kanga ilinivuka, Tumu akacheka mpaka akakaa chini, na ya simu ikaishia hapo.

Basi nikamwambia tutembee, alfajiri, tukishaswali. Akasema peke yake haendi, mitaa bado giza. Nikasema kwani mie nimekufa? Nitakwenda na wewe. Nikamshonea na suruali pana ya kuvaa ndani ya dera, kwa cherehani yako hii. Mshono umepinda, ungeufumua wote ukaanza upya, lakini kavaa.

Tulianza Jumamosi, siku asiyokwenda kazini. Sasa sikia yaliyotokea, na ukae sawa.

Tumu katangulia, mrefu kama wewe, anakwenda hatua ndefu, kaweka vile vidude vyake vya masikioni anasikiliza mawaidha. Mie nyuma. Nimevaa kama ninavyovaa siku zote nikitoka alfajiri, kanga moja kiunoni, moja nimejitanda kichwani mpaka usoni maana kulikuwa na umande. Na nakwenda mbio nisiachwe, midomo wazi, nahema. Napita kwa Mama Saumu, yupo na ufagio wake. Akaniita, "Mama Tumu! Kuna nini?" Pumzi ya kumjibu sina. Nikanyoosha mkono mbele, nikimaanisha namfuata mtoto.

Mama Saumu akatupa ufagio.

Sikumwona, nimekuja kuambiwa baadaye. Kaingia ndani, kachukua kanga, kajitanda, katoka. Anapita kwa wenzie anagonga madirisha, "Tokeni, Mama Tumu kapita mbio kajitanda, hata salamu hakuweza kuitikia." Na wewe unawajua wanawake wa Makorora. Mwanamke kajitanda kanga, alfajiri, anakwenda mbio bila neno, huyo haulizwi, huyo anafuatwa. Kila mlango ukamwaga mtu. Mmoja kabeba jamvi. Mmoja kashika na sufuria kabisa, ile kubwa ya kupikia msibani. Mama Eliza naye alikuwa njiani kwenda sokoni kuchukua mboga, akaunga msafara, ndoo kichwani. Na wanaume waliokuwa wanatoka msikitini wakasimama kando, mzee mmoja akauliza, "Maziko saa ngapi?" Hakuna wa kumjibu, kila mtu anadhani wa mbele yake anajua.

Mie nakwenda tu. Macho yangu yako mgongoni kwa Tumu, nasema moyoni, nusu saa, nusu saa, Mungu nipe pumzi ya nusu saa. Nyuma nasikia miguu, nikadhani watu wanawahi sokoni. Mpaka nikasikia kilio. Ni Bi Kidawa. Keshaanza. "Jamaniii, umetuacha na naniii!" Nikasema yarabi, kuna mtu kafa mtaani na mie niko kwenye starehe zangu! Nikaanza kulia na mie, Baba Tumu. Nikawa natembea huku nalia, simjui ninayemlilia.

Tulipofika kwenye lami Tumu akageuka. Nadhani alitaka kuniangalia kama nimechoka. Akaona wanawake wamejaa barabara, wanalia, na mama yake ndiye wa mbele, analia. Akavitoa vile vidude masikioni. "Mama! Nani kafa?"

Nikageuka kwa Mama Saumu. "Nani kafa, shoga?"

Mama Saumu akasema, "Unaniuliza mie? Msiba si wako?"

"Mie sina msiba. Mie niko mazoezini."

Ungekuwepo. Wallahi ungekuwepo. Nikasikia sufuria tu inagonga mfuniko wake. Halafu wakaanza. "Mazoezi! Mwanamke mzima, bibi harusi wa zamani, mazoezi!" "Umetutoa majumbani hatujanawa uso!" Mama Eliza kaweka ndoo chini, kashika mbavu. Na Bi Kidawa kasimama katikati ya barabara, uso umelowa, mkono kiunoni, anasema, "Mama Tumu, na machozi yangu haya nani ananirudishia? Nilikuwa nimemwekea bibi wa watu wa huko kwa jirani, anaumwa, nimeyamaliza kwako!" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye jamvi la mwenzao, pale pale kando ya lami.

Wote walicheka isipokuwa Tumu. Alirudi nyumbani peke yake, haraka, hakunisubiri. Alipofika kazima simu, kafunga mlango wa chumba chake. Nikasimama mlangoni namwita, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliniumiza, "Mama, mimi nina watu wa ofisini wanaokaa mtaa huu. Nina wenzangu wa chuo. Nimekuambia muda sina. Tuache hii habari kabisa." Nikasema haya mwanangu. Nikaenda jikoni. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa nakuona wewe umekaa hapa kwenye kiti hiki, uzi mdomoni, unasema Jumatatu.

Nilikwenda sokoni, simu yangu nimeiacha inachaji. Kumbe kuna kijana wa bodaboda alitupita pale kwenye lami tulipokuwa tunalia. Kanitambua mie, Tumu hakumwona, alikuwa mbali mbele. Akapeleka abiria Ngamiani, na huko mtu akamuuliza Makorora kuna nini, akasema Mama Tumu kafiwa, nimewaona wanawake wanalia. Maneno yakaenda mpaka Barabara ya Kumi na Mbili, mlangoni kwa dada yako.

Sasa fikiria Bahati. Wifi yake kafiwa. Nyumbani kwangu tunakaa watu wawili tu. Kama mie ndiye niliyeonekana nalia, aliyekufa ni nani? Akapiga simu ya Tumu, imezimwa. Akapiga yangu, inaita haipokelewi.

Nilikuwa narudi na kikapu nikaona bajaji imesimama mlangoni, mtu anashuka kabla haijatulia, kiatu kimoja kimebaki ndani. Nikamtambua kwa sauti. Nilikimbia, lakini alinitangulia. Nilipoingia uani nilikuta Tumu kasimama kwenye beseni la nguo, mikono imejaa povu, na shangazi yake kamkumbatia. Hamkumbatii kama mtu anayesalimia. Kamshika kama anamvuta kutoka mahali. Halafu akaanza, na hayo maneno nayaandika kama nilivyoyasikia, kwa sababu nataka uyajue: "Nimekulilia njia nzima, mwanangu. Nimekulilia kutoka kwangu mpaka hapa. Nilishaanza kufikiri nani atakuosha. Nikasema nitamwosha mimi, nilimwogesha mchanga, nitamwosha mimi."

Mikono ya Tumu yenye povu ilikuwa imebaki hewani, haijui iende wapi, mwisho ikashuka mgongoni kwa shangazi yake. Dera la Bahati lilibaki na alama za viganja viwili vya sabuni.

Baadaye bila shaka tulicheka. Bahati alipoambiwa ni mazoezi alinitukana matusi ya kiwifi ambayo siwezi kukuandikia, wewe ni ndugu yake, utaona haya. Akala chakula cha mchana, akataka na cha kubeba, akasema ni fidia ya kiatu, maana bajaji imekwenda nacho. Lakini kabla hajaondoka alimshika Tumu kidevu akamwambia, "Baba yako niliitwa hivi hivi. Nilikuja hivi hivi. Ila yule sikumkuta anafua."

Jioni Tumu alikuja jikoni akakaa kwenye kibao. Akachukua mchele akaanza kuchagua bila kuambiwa. Akasema, "Mama, moyo wa shangazi ulikuwa unapiga kifuani kwangu kama cherehani ya baba siku za kukaribia Idi." Akachagua, akachagua. Halafu akasema, "Kesho uniamshe."

Nikageukia moto nisionekane uso.

Basi tangu hapo tunakwenda. Na hatuko wawili. Kesho yake, Jumapili, tumetoka, Mama Saumu yupo mlangoni na ufagio anajifanya hatuoni. Tulipompita akasema, "Leo mnakwenda kumzika nani?" Nikamwambia njoo umwone. Akaja. Na Bi Kidawa akaja, anasema miguu yake inawaka moto usiku na daktari alishamwambia. Lakini tukakubaliana jambo moja, asije mwingine akapoteza machozi yake. Kanga ya juu hatujitandi. Tunajifunga kibwebwe kiunoni, kama siku ya ngoma. Sasa watu wakituona wanauliza, "Harusi ya nani?" Tunawajibu, yenu. Bi Kidawa siku nyingine anawapigia na kigelegele, na anakipiga vizuri kuliko anavyolia, sikujua miaka yote hii.

Na ule muda aliosema hana, Baba Tumu? Nilidhani atautoa mahali. Hakuutoa popote. Alitia mambo yake ndani ya mwendo. Asubuhi anatembea huku anasoma kwa sauti alichofundishwa jana, anatueleza sisi kwa Kiswahili, anasema akiweza kutueleza sisi tukaelewa basi na mtihani ataweza. Tunamuuliza maswali. Mama Saumu sasa anajua habari za wazabuni kuliko wazabuni wenyewe. Juzi kamwambia muuza mkaa, "Hukushindanishwa wewe, ndiyo maana bei yako haieleweki." Jioni mtoto hapandi tena bodaboda kutoka ofisini kwenda chuo. Anabadilisha viatu anatembea, raba ziko kwenye mkoba. Anasema anafika kichwa kimekaa sawa, halali darasani kama zamani. Ijumaa anapumzika. Siku za mvua anapumzika. Siku nyingine anachoka tu, anajifunika shuka, na mie nimejifunza kumwacha, natoka na wenzangu, kesho yake anakuja mwenyewe. Hilo la kumwacha lilinishinda sana mwanzo. Nilikuwa nasimama kitandani kwake nasikiliza kama anahema.

Alirudi kupimwa. Imeshuka. Haijafika wanakotaka, lakini imeshuka, na yule muuguzi alimwambia aendelee hivyo hivyo. Alinipigia simu kutoka huko huko. Niliswali rakaa mbili za shukrani, nikampa paka samaki mzima.

Ungedhani hofu ingeniisha. Mtihani umekaribia, wiki hii kakosa siku nyingi, nikasikia tena, "Nikimaliza, mama." Nikamwambia mwanangu, hilo neno liache, chagua jingine lolote. Halafu akaniambia, "Sawa. Na wewe mama, utakwenda kupimwa lini?"

Maana hajaacha kuniuliza, tangu siku ile ya kwanza aliyopimwa yeye. Ananiambia mama unatembea na sisi vizuri, lakini hujui presha yako imekaaje, kichwa kinakuuma kila siku unafunga leso, unasema ni jua. Na mie, kabla sijafikiri, nikamjibu. Mdomo ulijibu wenyewe.

Nikasema, "Jumatatu."

Tukatazamana. Hakucheka, na mie sikucheka. Kaingia chumbani. Ndipo nikaja kukaa hapa kwenye kiti chako nikachukua karatasi.

Sijui ulikuwa unaogopa, Baba Tumu? Sikuwahi kukuuliza. Nilidhani ni uvivu, ni sare za shule, ni maneno yako ya kuchekesha. Leo nimekaa hapa nimejua. Mtu anaogopa ile mashine ikifungwa mkononi itasema nini. Anaogopa akiambiwa, mtoto ataona uso wake. Kwa hiyo anasema Jumatatu, na Jumatatu ni siku nzuri, iko karibu, haimkatalii mtu. Kama ulikuwa unaogopa ungeniambia. Ningekushika mkono. Ningekwenda na wewe baraza kwa baraza, ningesubiri umalize kahawa.

Nimeongea sana. Mkono unauma, na Tumu ameamka, nasikia anatafuta sahani.

Nakuaga na ahadi. Leo ni Jumapili. Kesho asubuhi tukishamaliza mwendo sirudi nyumbani, nakwenda moja kwa moja zahanati, na kibwebwe changu, nikapimwe. Bi Kidawa amesema atanisindikiza, nimemkataza kulia mpaka majibu yatoke. Ile Jumatatu yako uliyokuwa unaisogeza, naiendea mie, kwa niaba yetu wote wawili. Na Tumu nitamtunza, nikijitunza na mie nipate kumtunza. Nakuombea kila swala. Mungu akupanulie hapo ulipo, akuwekee na baraza moja yenye watu wa kusalimiana.

Barua naiweka kwenye mtoto wa meza ya cherehani, chini ya mkasi wako.

Nijibu upesi. Njoo ndotoni uniambie kama umesikia, hata neno moja, hata ucheke tu. Ila usije kwa kuchelewa kama kawaida yako. Uje kabla ya alfajiri. Ukija baada ya swala, Baba Tumu, hutatukuta nyumbani.

Mkeo,
Mama Tumu